Mgeni Huyu Hula Mara Moja kwa Mwezi

Mpenzi msomaji, kati ya barua zilizofika mezani pangu juma lililopita, ipo moja iliyonifanya nicheke kwanza, kisha nikanyamaza. Imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, jijini Nairobi. Mwanawe anasomea uhandisi huko Marekani, katika jimbo la Ohio. Amekodi chumba katika nyumba ya mzee mmoja mjane, na mzee huyo anafuga nyoka. Si kinyoka cha kutia mfukoni, bali boa wa kike mwenye urefu wa futi 8 na uzito wa kilo 8, ambaye mzee ameishi naye kwa miaka 17.

Sasa mzee amelazwa hospitalini na huenda akakaa huko miezi miwili. Kabla ya kuondoka alimkabidhi kijana ufunguo wa nyumba, friza iliyojaa panya, na nyoka wake. Kijana, kwa kuwa amelelewa vyema, aliona ni aibu mzee atoke hospitalini amkute mnyama wake amekonda. Akawa anampa panya wawili wakubwa kila juma. Boa hakukataa hata siku moja. Juma la tano akaanza kutapika.

"Mwanangu," mama ananiandikia, "mimi nilimwambia afungue mlango huyo mdudu ajiendee zake. Akanijibu kuwa mzee hana mwingine nyumbani. Tafadhali tuandikie jinsi kiumbe hiki kinavyolishwa, maana kijana halali."

Mama, shikamoo. Kwanza nakusihi usirudie shauri hilo la kufungua mlango. Boa si mnyama wa Ohio. Kwao ni nchi za joto za Amerika, kuanzia Mexico hadi Argentina, na baridi ya huko aliko kijana itamwangamiza. Pili, tuliza moyo wako kidogo: boa hana sumu. Ni jamaa wa chatu wetu, ila chatu hutaga mayai ilhali boa huzaa watoto walio hai. Hukamata windo kwa meno, akalizungushia mwili na kulibana. Wengi wetu tuliambiwa kwamba windo hufa kwa kukosa pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba mbano huo huzuia damu isizunguke mwilini, na panya huzirai katika muda wa sekunde chache tu.

Sasa tuje kwenye chakula. Kosa la kijana wako ni kosa la mtu mwema. Kwetu sisi, mgeni akiingia hupakuliwa, na akimaliza huongezwa. Lakini mwili wa nyoka haufanyi kazi kama wako wala wangu. Sehemu kubwa ya chakula tunachokula hutumika kuupa mwili joto usiku na mchana. Nyoka hajipi joto mwenyewe. Hulichukua nje, juani au kwenye taa. Kwa hiyo mahitaji yake ni madogo mno. Boa mzima anayelala katika boksi lake juma zima huwa hajatumia nguvu nyingi, na kile alichokula mwezi uliopita bado kinamfaa.

Huenda ukauliza, msomaji: mbona basi alipopewa hakukataa? Kule porini boa huvizia mahali pamoja, na huenda majuma mengi yakapita bila windo kupita karibu. Maumbile yamemfunza kutoacha riziki inapojileta. Kukubali kwake chakula si dalili kwamba ana njaa. Wahenga walisema shibe mwana malevya, na kwa nyoka usemi huu ni kweli tupu. Mafuta hujikusanya tumboni, yakaingia hata kwenye ini, na mnyama hufa polepole bila kulalamika. Mbwa akiugua utamsikia akilia; nyoka hana sauti ya kukuambia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Boa aliyekomaa hupewa mlo mmoja kila baada ya majuma 3 au 4, na wengine husubiri hata zaidi bila dhara. Uzito wa mlo uwe kama asilimia 5 ya uzito wake, na usizidi asilimia 10. Huyu wa kilo 8 anatosheka na gramu 400, yaani panya mmoja mkubwa. Unene wa panya usizidi unene wa nyoka mwenyewe pale alipo mnene zaidi. Kijana alikuwa akimlisha panya wanane kwa mwezi badala ya mmoja. Fikiria wewe ungelazimishwa kula chakula cha mchana mara nane kila siku.

Panya awe mzima, na manyoya yake na matumbo yake. Nyoka hupata chokaa ya kujenga mwili kwenye mifupa, na vitamini kwenye ini. Ukimpa vipande vya nyama ya buchani, hata iwe steki ya bei ghali, utakuwa umemnyima hayo yote. Anaweza pia kubadilishiwa mara chache kwa sungura mdogo au kware.

Panya wa friza ni bora kuliko panya hai. Panya aliyebanwa pembeni hujitetea, na meno yake yanaweza kumng'oa nyoka jicho. Ahamishwe kutoka kwenye friza hadi kwenye friji usiku mzima ayeyuke, akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kisha mfuko utiwe katika maji ya moto hadi panya apate joto. Asitiwe katika maikrowevu. Hupata moto hapa akabaki baridi pale, na pengine akapasuka. Na panya wa darini asitumiwe kamwe, kwani huenda amekula sumu, nayo itamfikia nyoka.

Mlo utolewe kwa koleo ndefu, si kwa vidole, kwa maana boa hafahamu tofauti ya mkono unaonuka panya na panya mwenyewe. Nyoka wa futi 8 hashikwi na mtu aliye peke yake nyumbani. Hapa ndipo ninapokuunga mkono, mama, katika hofu yako: mwambie kijana amwite mwanafunzi mwenzake kila anapofungua boksi hilo. Baada ya mlo, boa asiguswe kwa siku mbili nzima. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na sufuria iliyotumiwa kwa panya isirudi jikoni, kwa sababu wanyama wa aina hii hubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta homa na kuhara. Watoto walio chini ya miaka 5 wasimguse kabisa.

Lipo jambo jingine la kumuuliza kijana wako, kwa kuwa wanafunzi nawajua. Je, alizima taa ya joto ili bili ya umeme ipungue? Bila joto nyoka hawezi kusaga chakula. Panya huoza tumboni na hatimaye hutapikwa. Upande mmoja wa boksi uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27, ili mwenyewe achague. Vipimwe kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Maji safi yawemo daima.

Kuhusu kutapika, asiharakishe kumlisha tena. Tumbo lililotapika limechubuka. Angoje majuma 2 kamili, kisha ampe panya mdogo, nusu ya mlo wa kawaida. Akitapika tena, apelekwe kwa daktari wa mifugo anayeelewa wanyama wanaotambaa, na daktari ndiye atakayesema apunguzwe mwili kwa njia gani. Na macho yake yakiwa na ukungu wa samawati, ajue anakaribia kujivua gamba. Wakati huo wengi hukataa chakula, na hakuna haja ya kumbembeleza.

Atajuaje kama nyoka ana afya? Amtazame mwili wake. Uti wa mgongo ukichomoza kama paa la nyumba, amekonda. Akijikunja magamba yakaachana na ngozi ikaonekana katikati, au akawa na uvimbe wa mafuta karibu na mkia, amenenepa kupita kiasi. Aliye sawa ni wa mviringo, imara, mfano wa mkate wa boflo.

Huenda kijana akadhani kwamba nyoka wa miaka 17 ni ajuza na siku zake zimehesabika. Sivyo. Boa akitunzwa vyema huishi miaka 20 hadi 30. Mmoja katika bustani ya wanyama ya Philadelphia alifariki mwaka wa 1977 akiwa na umri uliopita miaka 40. Basi yule mzee aliye hospitalini anaweza kuwa na rafiki wa kumpokea kwa miaka mingi ijayo, almradi friza isifunguliwe kila siku.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msije mkaelekea kichakani kutafuta chatu wa kufuga chini ya kitanda. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila leseni. Anayetaka kumwona chatu na atembelee Bustani ya Nyoka kwenye Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, pamoja na wazazi wake.

Mama, mwandikie kijana leo hii. Mwambie hajaua, amekosea tu, na kwamba sasa kazi yake kubwa ni kungoja. Najua jambo hilo ni gumu kwa mtu aliyelelewa katika nyumba yako, ambako kumpenda mtu ni kumjazia sahani. Lakini mzee akirudi akamkuta nyoka wake hai, hataulizia alikula panya wangapi.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.