Muhuri hautoshi kumjua mpangaji

Mwenye nyumba wa Makiso au Mangobo anayeletewa karatasi ya mshahara asiishie kutazama muhuri, maana muhuri huchongwa. Aende mwenyewe kwa mwajiri aliyetajwa, asipige namba iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo.

Lakini hofu ya kudanganywa isiwe sababu ya kuongeza garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi.

Tena mwendesha toleka na mama muuza samaki hawana karatasi ya mshahara. Kuwalazimisha wailete ni kuwatuma kwa watengeneza karatasi za uongo. Waulizwe majirani wa kule walikotoka. Mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji mbaya anaweza kumsifu.