Kuhesabu Kura si Kusoma Hukumu

Tangu C. Herman Pritchett alipochapisha The Roosevelt Court mwaka 1948, wataalamu wengi wa siasa nchini Marekani wamewapima majaji wa Mahakama ya Juu kwa kuzihesabu kura zao. Kazi hiyo yastahili sifa: ilivunja dhana kwamba jaji ni kinywa tu cha sheria. Lakini hesabu hiyo huishi kwa mafarakano. Majaji wasipotofautiana, haina la kusema. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote 9 waliamua kuwa kuwatenganisha watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kuvunja katiba. Jedwali huandika 9 kwa 0, likanyamaza. Hoja zimo katika hukumu yenyewe. Mtaalamu asiyeisoma amehesabu vichwa tu.