Kinyonga wa Poroto Hana Pa Kuhamia

Mzazi mwenye watoto hapa Tunduma hakosi kuliona jambo hili: kinyonga ametokeza uani, watoto wamekwisha kuokota mawe, na bibi anapaza sauti kwamba ni mkosi. Katika hadithi za makabila mengi ya Kibantu, huyo ndiye mjumbe aliyetumwa kutuambia kwamba hatutakufa, akachelewa njiani. Adhabu yake haijaisha mpaka leo!

Huyo wa uani ana nafuu kidogo, kwa maana jamaa zake wameenea kutoka kwetu hadi Afrika Kusini. Wa kuhurumiwa zaidi ni wale wa misitu ya milima ya Poroto na Rungwe, katika mkoa wa Mbeya, ambao tulikuwa mkoa mmoja nao hadi 2016. Yuko mwenye pembe tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto hai, kama inavyofaa mahali penye baridi kali. Yuko na mwingine, mdogo, ambaye wataalamu hawakumwandika mpaka mwaka 2009. Jina lake la kitaalamu huanza na Kinyongia. Naam, neno letu wenyewe la Kiswahili, lililotwaliwa mwaka 2006 kuliita kundi zima la vinyonga wa milimani.

Umbile lake lote ni la mtini. Vidole vimegawanyika viwili kwa vitatu, vikabana tawi mithili ya koleo; mkia nao hushika. Lakini mti ukikatwa, anashuka mahali ambapo miguu hiyo haimfai kitu. Shamba la viazi au la pareto, ambalo wewe ungelivuka kwa dakika tano, kwake ni safari ndefu chini ya macho ya ndege. Wala hawezi kuhamia mlima mwingine, maana kati ya mlima na mlima kuna bonde lenye joto.

Mlima Rungwe ulifanywa hifadhi mwaka 2009, na mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Vema. Lakini shoka halipiti forodhani.

Mtoto wako akikuletea kinyonga juu ya kijiti, usimkemee. Mwonyeshe jinsi jicho moja linavyotazama mbele na jingine nyuma, kisha mwende pamoja mkamrudishe mtini.