Msiwachunge Watu kwa Jeneza

Kuna imani moja imeota mizizi katika parokia zetu, na wanaoishikilia ni watu wema: mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo anayeamka alfajiri kugonga milango ya watu, katibu anayeandika mihtasari kwa mkono, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anayejua nani anaumwa mtaa mzima. Imani yenyewe ni kwamba waamini wasipobanwa hawaji. Na kwa kuwa hawatishiki kirahisi, wabanwe pale ambapo kila mtu anatishika, yaani kwenye mazishi. Usiposali na jumuiya, usipomaliza michango, siku yako ikifika padri haji. Ubatizo wa mtoto, komunyo ya kwanza na ndoa navyo husubiri barua ya jumuiya, lakini msiba ndio rungu kubwa. Linatajwa kwenye matangazo, linatajwa kwenye vikao, na watu wazima wenye akili timamu huambiana kwamba pasipo rungu hilo jumuiya zingekufa ndani ya mwezi mmoja.

Nasema imani hiyo ni potofu, na inaua kile kile inachodai kukijenga.

Mambo huenda hivi. Turubai limekwisha kufungwa, viti vya kukodi vimepangwa, kina mama wako nyuma wanachambua mchele. Kaka wa marehemu anaitwa pembeni, karibu na tenki la maji. Hapo wamesimama mwenyekiti na katibu, na katibu ameshika kaunta buku lenye kona zilizokunjika. Anapitisha kidole kwenye mstari wa jina la marehemu. Januari tiki, Februari tiki, Machi hadi Agosti patupu. Ujenzi wa nyumba ya mapadri: bado. Kutegemeza jimbo: bado. Jumla inatajwa kwa sauti ya chini, kwa adabu, maana hawa si watu katili. Kaka anapiga simu huku na huku, fedha inaingia, ujumbe wa muamala unaonyeshwa, barua inagongwa muhuri. Kesho yake misa inasomwa na mahubiri yanahusu huruma ya Mungu. Familia isiyo na wa kumpigia simu huletewa katekista, sala fupi inasaliwa uani, na jeneza halipiti kanisani.

Hapo nani ameadibishwa? Marehemu amekwisha kuondoka, hana la kujifunza. Anayebeba adhabu ni mjane ambaye pengine hakukosa jumuiya hata wiki moja, na watoto ambao hawakujua baba yao anadaiwa nini. Wote waliokaa chini ya turubai wanaondoka na fundisho moja, kwamba Kanisa lina deni lako mfukoni na litalidai siku ambayo huna nguvu ya kubisha. Wiki inayofuata mahudhurio yanapanda kweli. Viongozi wanaona idadi imeongezeka, wanasema mnaona, dawa imefanya kazi. Waliokuja wamekuja kuandikwa majina. Wanakaa karibu na mlango, wanasubiri daftari lipite, wanaaga.

Tena utaratibu huu hauna msingi katika sheria ya Kanisa lenyewe. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1184, unawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya kikanisa: walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakano, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Hata hao, wakiwa wameonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Penye shaka anaulizwa askofu, wala haulizwi mweka hazina. Kanuni ya 1183 inawahesabu wakatekumeni, watu ambao hawajabatizwa bado, kuwa sawa na waamini katika suala la mazishi. Ya 848 inaagiza wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini, na ya 1181 inaagiza maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili. Najua majimbo na parokia zina miongozo yake. Mtunga sheria wa chini hana uwezo wa kutunga sheria inayopingana na ya juu yake, na hilo nalo limeandikwa humo humo.

Tuwakumbuke pia watoto wetu wa mafundisho, wanaokaririshwa matendo saba ya huruma ya kimwili. La saba ni kuzika wafu. Tobiti alizika maiti za ndugu zake kule Ninawi kwa kuhatarisha maisha yake, na katika habari ile yote hakuna mahali alipouliza nani alikuwa hai katika jumuiya na nani hakuwa. Tendo la huruma linalolipiwa kabla halijatendwa limekwisha kuacha kuwa huruma.

Jumuiya Ndogo Ndogo hazikuanzishwa kwa ajili ya haya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walitaka Kanisa lenye mizizi hapa, linalojihudumia, linalojieneza na kujitegemea. Mwaka 1976 walikutana tena, na ujenzi wa jumuiya hizi ukawa ndio mada yenyewe ya mkutano. Shabaha ilikuwa Mkristo asipotee katika umati wa parokia, awe na majirani wanaomjua kwa jina, wanaosoma naye Injili na kubeba naye mizigo. Tazama kilichobaki. Katika yale mambo matatu tumeshika moja, kujitegemea, na hilo nalo tumelifupisha likawa makusanyo. Jumuiya nyingi za mijini leo ni vituo vya kukusanyia fedha vinavyofunguliwa kwa sala.

Ushahidi uko ndani ya mkutano wenyewe. Njia ya kusoma Biblia iliyoenea sana katika jumuiya zetu ni ile ya hatua saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma, mnarudia maneno yaliyowagusa, mnanyamaza, mnashirikishana, na katika hatua ya sita mnajiuliza: wiki hii Bwana anatutuma tufanye nini, na nani atakifanya? Kisha mnasali. Hiyo hatua ya sita ndiyo jumuiya yenyewe. Hapo ndipo hutajwa mzee aliyelazwa, binti aliyefukuzwa nyumbani, jirani aliyehamia juzi. Na hatua hiyo ndiyo inayorukwa. Nafasi yake imechukuliwa na kusomewa michango: majina yanatajwa moja moja mbele ya watu, huyu elfu kumi, huyu elfu tano, huyu bado. Mtu akishatajwa "bado" Jumamosi tatu mfululizo mbele ya majirani zake, ya nne haji, halafu anaandikwa mzembe.

Nao wanaoitwa wazembe ni akina nani? Jumuiya nyingi Dar es Salaam husali Jumamosi alfajiri. Saa hiyo mlinzi wa usiku ndiyo kwanza anakabidhi lindo, na usingizi wake wote uko mbele yake. Muuza samaki yuko sokoni Feri, kondakta yuko barabarani tangu saa kumi. Dada wa kazi anawaandalia watoto wa watu chai, na mwenye nyumba, ambaye pengine ni mjumbe wa jumuiya hiyo hiyo, yuko kwenye sala. Kuna pia mpangaji wa chumba kimoja anayekwepa zamu ya kupokea jumuiya kwa sababu hana pa kukaribisha watu ishirini. Daftari haliwajui watu hawa, linajua tiki. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa jambo la namna hii: wenye nafasi walitangulia kula, wasio na kitu wakabaki na njaa, na wote wakaita hiyo karamu ya Bwana. Aliwashukia wenye nafasi. Sisi tunawashukia waliokosa.

Yupo atakayeuliza kama ushirika unaweza kusimama bila kubanana. Ulikwisha kusimama, na hapa hapa Afrika Mashariki. Mnamo Novemba 1882 mapadri Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kuja kusini, upande ambao leo ni Mwanza. Walirudi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu hapakuwa na padri wa kuadhimisha misa, hapakuwa na wa kutoa barua wala wa kuinyima. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Kalemba walifundisha, walibatiza, waliwauguza wagonjwa. Mapadri waliporudi walikuta Wakristo wameongezeka. Muda si mrefu baadhi yao, wakiwamo hao watatu, waliuawa kwa ajili ya imani hiyo. Hakuna aliyewashika kwa tisho lolote la upande wa Kanisa. Tisho lote lilikuwa upande wa waliowaua.

Wapo wanaonijibu kwamba padri mwenye waamini maelfu hawezi kumjua kila mmoja, kwa hiyo jumuiya lazima imtambulishe marehemu. Nakubali kabisa. Barua iandikwe, iseme tunamfahamu, alibatizwa, aliishi kwetu. Kumtambulisha mtu na kumdai ni mambo mawili, na yaliunganishwa makusudi. Jumuiya ikisema haimjui mtu aliyeishi mtaani miaka sita, swali la kwanza liende kwa jumuiya hiyo: nani aliwahi kubisha hodi kwa huyu?

Wengine wanasema wavivu watapata mwanya. Watakuwapo, na wazikwe. Mtu aliyebatizwa ana haki ya kuombewa na Kanisa lake hata kama alikuwa mvivu, na pengine huyo ndiye mwenye kuhitaji maombi zaidi. Suala la fedha nalo ni la kweli. Paa linavuja, padri anakula, wafadhili wa zamani hawapo tena. Watu wetu hutoa. Tumewaona wakijenga makanisa makubwa kwa tofali moja moja, na wanatoa zaidi wanapoona mapato na matumizi yamebandikwa mlangoni. Mfuko wa rambirambi wa hiari uendelee na masharti yake, anayechangia achangiwe, hilo ni haki kati ya wanachama. Misa ya wafu haiko ndani ya mfuko huo.

Kwa hiyo michango itolewe kabisa kwenye sala ya jumuiya, ipokewe siku nyingine na watu wengine, bila majina kusomwa. Muda uliopatikana urudishiwe hatua ya sita. Jumuiya zenye walinzi, wafanyakazi wa ndani na wachuuzi wengi zisali Jumapili jioni au saa yoyote wanayoiweza wao.

Na la mazishi lisisubiri. Paroko anaweza kulimaliza Jumapili hii, kwenye matangazo baada ya komunyo: kuanzia leo hakuna familia itakayoulizwa michango ya marehemu, kabla ya maziko wala baada yake. Halihitaji bajeti. Familia zilizokwisha kutozwa zikija kutaka maelezo, zipewe bila kuzungushwa. Na zikitaka fedha zao, zirudishiwe.