Mvua Ije, Kipindupindu Kisije: Ilani ya Wakazi wa Mwiki

Ndugu na makomredi wa Mwiki, wa Mwihoko, wa Githurai na wa Ruiru nzima! Wapangaji na wenye ploti, akina mama mboga, wasukuma mikokoteni ya maji, wanabodaboda, walimu, wauguzi! Wakati mpya umefika. Zama za kungoja maji yatufike kiunoni ndipo tuletewe magodoro na unga zimekwisha. Leo tunaanzisha vuguvugu la kulinda uhai wetu baada ya mafuriko, na tunalianzisha papa hapa, juu ya udongo huu mweusi usiokunywa maji.

Tunaamini kwamba mafuriko huua mara mbili. Mara ya kwanza kila mtu huona: kati ya Machi na Mei 2024 karibu watu 300 walifariki nchini, na kamera zilikuwapo. Mara ya pili huja maji yakishapungua, jua limewaka, magari ya misaada yameondoka. Kipindupindu humwangusha mtu ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya kunywa maji machafu. Homa ya matumbo hujificha wiki moja, mbili, au zaidi. Homa ya mgunda, ile iliyowashtua ndugu zetu wa Lindi, Tanzania, mwaka 2022, hutoka kwenye mkojo wa panya na kupenya katika mchubuko wa mguu unaokanyaga tope. Mbu nao huzaliana madimbwi yakishatuama. Kila ugonjwa una siku zake, na siku hizo tutazikesha.

Tunakataa kuambiwa kwamba haya ni mapenzi ya Mungu. Mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 ulianzia Limuru, kaunti yetu hii ya Kiambu, miongoni mwa waliohudhuria harusi, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ilikuwa inalia ukame. Ulienea kaunti baada ya kaunti. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wameugua watu zaidi ya 12,000, na zaidi ya 200 wamezikwa. Hapo mvua haina lawama. Kinyesi cha mtu kilifika kinywani mwa mwingine, basi. Mafuriko hukifungulia njia tu, kama yalivyofanya Tana River mwaka 2024, kipindupindu kilipozuka maji yakiwa bado hayajakauka.

Tunakataa bomba lipitalo mtaroni. Inama ulitazame, komredi. Ni bomba jembamba la plastiki, limevushwa mtaro kwenda kwenye ploti, na pale lilipopasuka limefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Siku ya mgao maji yakiwamo, presha husukuma na kiungo huvuja kwenda nje. Mgao ukikatika, bomba hubaki tupu nalo hufyonza: kilicho mtaroni huingia ndani kupitia mwanya uleule. Juu yake imepita mvua, na choo cha shimo cha jirani kimejaa hadi kumwagika. Kesho yake mfereji ukifunguliwa, mama hujaza mtungi wa lita 20 kwa maji meupe, yasiyo na harufu, akashukuru. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia nyumbani, na hapo ndipo tutakapoukatia njia.

Tunaamini kwamba tunachodai ni chetu tayari. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya bora, ya usafi wa mazingira unaostahili, na ya maji safi, salama na ya kutosha. Tangu 2013 huduma za maji, majitaka na zahanati zimo mikononi mwa kaunti. Hatuendi kuomba. Tunakwenda kudai, tukiwa na ramani ya kila bomba lililopasuka na kila choo kilichofurika.

Tunaamini kwamba ushindi unawezekana, maana umeshapatikana kwingine. Machi 2019 kimbunga Idai kiliuvunjavunja mji wa Beira, Msumbiji. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 mwezi huohuo. Tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ilikuwa imeanza kutolewa, na watu zaidi ya 800,000 wakaipata kwa siku chache. Waliougua walipita 6,000. Waliokufa walikuwa wanane. Kipindupindu kisichotibiwa kinaweza kuua hata nusu ya wanaougua sana. Kikitibiwa mapema, hakifikishi hata mmoja katika mia.

Tunaamini Mwiki nyingine inakuja, na tumeshaanza kuiona. Mwiki ya mitaro iliyozibuliwa kabla ya mawingu. Mwiki ambayo majitaka yana bomba lake na maji ya kunywa yana lake, na hayakutani. Mwiki ambayo mhamasishaji wa afya ya jamii analipwa kwa wakati na mkoba wake una klorini. Mwiki ambayo kila mtoto wa darasa la nne anajua kuchanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, visijae kupita ukingo, na nusu kijiko cha chumvi, amnyweshe mdogo wake huku wakienda zahanati. Watoto hao watazeeka bila kumzika mwenzao kwa kuhara!

Tunakataa kungoja zaidi. Kila ploti ichague mtu mmoja wa kuangalia bomba na choo. Kila kanisa na kila msikiti utangaze dawa ya maji siku ya kwanza ya mafuriko. Anayehara maji meupe kama ya mchele apelekwe zahanati saa hiyohiyo, asifichwe kwa aibu.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Jiungeni nasi sasa, mkiwa na majembe na glavu, tuanze na mtaro ulio mbele ya mlango wako.