Kiwanja cha Bibi Hakiuzwi

Tangu niwatumie zile picha za Sardinia naulizwa swali moja tu: "Mbona pwani yote hiyo haina hoteli? Wazungu wamelala?"

Hawajalala, ndugu zangu. Ile barabara ya Bosa kwenda Alghero ni kama kilomita 45: huku milima, huku bahari, tumbusi wanazunguka angani, na majengo ni ya kuhesabu. Bosa penyewe ni kijimji cha nyumba za rangi rangi kando ya mto Temo, mashua za wavuvi zimefungwa mbele yake. Upande wa pili wa kisiwa kuna Cala Goloritzé. Unashuka mawe kwa miguu zaidi ya saa nzima, na kwa siku wanaruhusu watu 250 tu. Hukujiandikisha mapema, unarudi ulikotoka!

Msiniambie ni bahati. Kaskazini, kuanzia 1962, Aga Khan (huyu huyu marehemu tunayemjua kwa hospitali zake huko kwetu) na wenzake walijenga Costa Smeralda, mahali pa matajiri na maboti yao. Wengine wakafuata, kila mtu akitaka kipande chake cha bahari. Ndipo mwaka 2004 serikali ya mkoa chini ya Renato Soru ikasimamisha ujenzi mpya ndani ya kilomita 2 kutoka baharini, na 2006 ukatoka mpango kamili wa kulinda pwani. Soru akaitwa adui wa maendeleo. 2009 akashindwa uchaguzi. Lakini ile pwani mnayoisifia kwenye picha si ndiyo hiyo?

Sasa Tanzania. Mwaka ule ule wa 2004 tulitunga sheria ya mazingira: hakuna kujenga shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Haya, nendeni mkahesabu kuta zilizoingia mpaka majini! Mvuvi anazunguka nyuma ya ukuta na nyavu begani, halafu tunaita maendeleo.

Na nyie mnaoniandikia kwamba kiwanja cha bibi kimepata mnunuzi, tena bei nzuri... Hizo hela mtakula miaka miwili. Wa tatu mkienda kuoga, mlinzi atawauliza mnamtafuta nani. Mjomba, samahani sana, lakini sahihi yangu hamuipati.