Kiu ya mkimbiaji wa Eastlands huanzia mferejini

Kila alfajiri, kabla ya matatu kufurika katika Barabara ya Jogoo na ile ya Outering, wakazi wa Umoja, Kayole, Buruburu, Donholm na Dandora huonekana wakikimbia kando ya barabara, wengine wawili wawili, wengine kwa makundi. Idadi yao huongezeka msimu wa mbio za Nairobi Marathon unapokaribia. Tangu mbio hizo zilipoanzishwa mwaka wa 2003, zimewavutia maelfu ya watu wasiotegemea riadha kwa riziki: makarani, walimu, wachuuzi na mafundi ambao hukimbia kwa ajili ya afya, na pengine kwa ajili ya medali ya kuning'iniza sebuleni.

Ushauri ambao watu hawa hupewa mara kwa mara ni mmoja: kunywa maji mengi, na usingoje kuhisi kiu. Ni ushauri unaofaa kuhojiwa, kwanza kwa sababu una kasoro kisayansi, na pili kwa sababu unachukulia kwamba maji yapo.

Msingi wake ulitiwa nguvu mwaka wa 1996, pale Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilipowahimiza wanamichezo kunywa kiasi cha kufidia jasho lote linalowatoka, au kadiri tumbo linavyoweza kustahimili. Kampuni zinazouza vinywaji vya michezo ziliupokea ujumbe huo kwa furaha isiyohitaji kufafanuliwa. Matokeo yake yalidhihirika Boston mwaka wa 2002. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza marathon ya mji huo, na katika ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2005 wakaeleza kuwa asilimia 13 kati yao walikuwa na kiwango cha chini mno cha sodiamu. Tatizo lao halikuwa upungufu wa maji bali wingi wake. Maji yanapozidi, chumvi iliyomo katika damu huzimuka, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliotumia zaidi ya saa nne njiani, yaani wakimbiaji wa kawaida, ambao hupita kila meza ya maji bila haraka na kunywa katika kila moja.

Chuo hicho kililegeza msimamo wake mwaka wa 2007. Sasa wataalamu wengi wanakubaliana kuwa kwa mtu wa kawaida, kiu yenyewe ni mwongozo wa kutosha, na kwamba anayemaliza mbio akiwa na uzani mkubwa kuliko aliokuwa nao mwanzoni amekunywa kupita kiasi.

Wakenya hawakupaswa kusubiri wageni wawaeleze haya. Mwaka wa 2004, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanariadha kumi mashuhuri wa Kenya waliofuatiliwa kwa juma zima kambini. Kwa wastani, kila mmoja alikunywa lita moja na ushei ya maji kwa siku, na kiasi kinachozidi hicho kidogo cha chai ya maziwa. Hakukuwa na chupa za rangirangi. Uchunguzi mwingine wa mwaka wa 2008 ulithibitisha kuwa wanariadha wetu, kwa kunywa walivyopenda, hawakupungukiwa na maji mwilini siku hadi siku. Naye Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliposhinda marathon ya Dubai mwaka wa 2009, alikuwa amepoteza karibu asilimia kumi ya uzani wake. Huo si mfano wa kuigwa na karani wa Umoja, ila unaonyesha kuwa hadithi ya mwili kuporomoka kila tone la jasho linapopotea ilitiwa chumvi.

Hata hivyo, tusisahau wanariadha hao waliishi wapi. Walikuwa kambini, chai ikiwa jikoni na maji yakiwa karibu. Kunywa unapohisi kiu ni kanuni njema kwa mtu ambaye akihisi kiu saa kumi na mbili unusu asubuhi, akirejea nyumbani na jasho, atafungua mfereji na maji yatatoka. Katika mitaa mingi ya Eastlands hilo si jambo la kutarajiwa. Mgao wa maji ulioanza Januari 2017, wakati wa ukame, ulikusudiwa kuwa wa muda. Miaka imepita na ratiba ya mgao imekuwa sehemu ya maisha, kiasi kwamba mpangaji anayetafuta nyumba huuliza siku za maji kabla ya kuuliza kodi. Takwimu ambazo zimekuwa zikitolewa katika miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa jiji linahitaji zaidi ya lita milioni 800 kwa siku ilhali linapata takriban milioni 525.

Upungufu huo haugawanywi sawa. Umoja, kwa mfano, ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, ukiwa mtaa wa nyumba za chini za familia moja moja. Leo penye nyumba moja pamesimama ghorofa tano au zaidi, na familia zilizokuwa nne zimekuwa arubaini. Anayeishi ghorofa ya juu hupata yanayobaki.

Pengo hilo huzibwa na wauzaji wa mitungi ya lita 20 wanaosukuma mikokoteni, na visima vya kuchimbwa. Asili ya maji ya mkokoteni aghalabu haijulikani, na Nairobi ilikumbwa na kipindupindu mwaka wa 2017. Maji ya visima nayo, katika sehemu nyingi za jiji, yana floridi nyingi, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mtu asiyetokwa na jasho jingi anaweza kujibana kwa glasi chache za maji aliyonunua dukani. Mkimbiaji wa kilomita 21 hawezi, kwani kwa saa moja jasho lake huweza kufika lita nzima, na katika hewa kavu ya Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, hukauka kabla hajalihisi.

Kwa hiyo mashauri yanayofaa hapa ni ya jikoni. Maji ya mbio ndefu ya Jumapili yachemshwe au yatiwe dawa Jumamosi. Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi, mchanganyiko ule ule anaopewa mgonjwa wa kuhara, hufyonzwa vyema na utumbo na ni nafuu mno kuliko kinywaji cha dukani. Mizani, kabla na baada ya mbio, itamweleza mtu mengi kuliko tangazo lolote.

Lakini jiko haliwezi kuziba pengo la mabomba. Bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo na ambalo ndilo chanzo cha zaidi ya asilimia 80 ya maji ya Nairobi, limekuwa na mbio zake za nusu marathon, zilizoandaliwa kuhamasisha uhifadhi wa mazingira ya bwawa hilo. Washiriki hukimbia kandokando ya maji ambayo baadhi yao, wakirudi nyumbani, hawatayapata. Kanuni za riadha huwataka waandalizi wa mbio ndefu kuweka maji takriban kila kilomita tano, na kwa siku moja ya mwaka agizo hilo hutekelezwa hata jijini kwetu. Serikali ya kaunti ingeweza kuanza kwa kuweka mifereji ya maji ya kunywa, iliyopimwa, katika Uwanja wa City na ule wa Camp Toyoyo, ambako vijana hufanya mazoezi mwaka mzima. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na mabomba ya Umoja, ambayo hayana budi kupanuliwa. Kwa sasa, mkimbiaji wa Kayole hulazimika kupanga mbio zake ndefu kwa kutazama ratiba ya mgao.